Urithi Usio na Wosia: Wanamuziki wa Joy Division baada ya 1980

Mhakiki anayeuchukua wimbo kama matini ya kifasihi hukabiliwa mapema na swali ambalo mhakiki wa riwaya huliepuka kwa urahisi: ni nani hasa aliyeutunga? Riwaya ina jina moja juu ya jalada. Wimbo wa bendi una sauti ya mtu mmoja, lakini maneno yake hukaa juu ya mapigo na milio iliyobuniwa na wengine, mara nyingi katika chumba cha mazoezi, bila ya yeyote kuandika lolote. Maadamu bendi i hai na wenzi wanaelewana, swali hili halimsumbui mtu. Huzuka pale mmoja wao anapofariki, au pale wanapofarakana, na hapo jamaa wa marehemu, mawakili na wahakiki hujikuta wakiuliza jambo lile lile kwa lugha tatu tofauti.

Makala haya yanalifuatia swali hilo katika historia ya bendi moja ya Manchester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, iliyoitwa Joy Division hadi Mei 1980, kisha ikaitwa New Order. Ni bendi ya mkondo ule uliopewa jina la Wimbi Jipya: vijana waliojifunzia gita katika ghasia za muziki wa panki mwaka 1976 na 1977, wakazichoka ghasia hizo upesi, na kuanza kutafuta muziki wenye nafasi zaidi, wenye ubaridi, na baadaye wenye mashine. Ni wapi panki iliishia na Wimbi Jipya likaanzia ni mjadala ambao umewalisha waandishi wengi bila kuwashibisha wasomaji, nao hauna tija hapa. La muhimu ni kwamba bendi hii imesimuliwa mno na waliokuwemo. Mjane wa mwimbaji, Deborah Curtis, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1995. Mpigaji gita la besi, Peter Hook, ameandika vitabu vitatu (2009, 2012 na 2016), mpigaji gita Bernard Sumner kimoja (2014), na mpigaji ngoma Stephen Morris viwili (2019 na 2020). Masimulizi hayo hayapatani, na kutopatana kwao ni sehemu ya mada.

Hook na Sumner walizaliwa mwaka 1956, wakasoma shule moja mjini Salford, mji unaopakana na Manchester ng'ambo ya mto Irwell. Ulikuwa mji wa viwanda na bandari iliyokuwa ikififia. Katika utoto wao mitaa ya nyumba za matofali za wafanyakazi ilibomolewa na wakazi wake kuhamishiwa kwenye majumba marefu ya ghorofa. Sumner amekumbuka jambo hilo kama kufiwa. Si ajabu basi kwamba santuri za kwanza za bendi hii zinasikika kama zilizopigwa ndani ya jengo lililohamwa. Tarehe 4 Juni 1976 vijana hao wawili walihudhuria onyesho la Sex Pistols katika ukumbi wa Lesser Free Trade Hall, Manchester. Hadhira ilikuwa haba, na muziki wenyewe, kwa ushuhuda wa wengi, haukuwa wa ustadi. Huo ndio ulikuwa mvuto wake. Siku iliyofuata Hook alikwenda kununua gita la besi, chombo ambacho hakujua kukipiga.

Ian Curtis, aliyezaliwa pia mwaka 1956 na kulelewa Macclesfield, alijiunga nao kama mwimbaji. Bendi ikaitwa Warsaw. Baada ya wapigaji ngoma kadhaa kupita, Stephen Morris, naye mwenyeji wa Macclesfield, akaingia Agosti 1977, na kutoka hapo hadi kifo cha Curtis hakuna aliyetoka wala kuingia. Curtis alikuwa mtumishi wa serikali. Kazi yake katika ofisi ya ajira ilikuwa kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Alikuwa pia msomaji, na vichwa vya baadhi ya nyimbo vinaonyesha rafu yake ya vitabu bila kificho: "Dead Souls" ni jina la riwaya ya Gogol, "Atrocity Exhibition" ni jina la kitabu cha J. G. Ballard, na "Colony" inamkumbusha msomaji hadithi ya Kafka kuhusu koloni la adhabu. Wahakiki wa fasihi wamevutiwa na vichwa hivi kiasi cha kumfanya Curtis mshairi aliyebahatika kuwa na wapiga vyombo nyuma yake. Hapa ndipo uhakiki ulipoanza kupotea njia.

Masimulizi ya wenzake watatu, ambayo hayapatani juu ya mengi, yanaafikiana juu ya namna nyimbo zilivyotungwa. Walipiga vyombo bila mpango, kwa muda mrefu, na Curtis alisikiliza. Akisikia kipande kilichomgusa aliwasimamisha, akawataka wakirudie. Maneno aliyatoa katika maandishi aliyokuwa akiyakusanya, akayajaribu juu ya kipande hicho. Hata mtindo wa Hook wa kupiga besi kwenye nyuzi za juu, mtindo ambao baadaye uliigwa na wengi, ulianza kwa dhiki ya kawaida kabisa: kipaza sauti chake kilikuwa hafifu, gita la Sumner lilikuwa na kelele, naye hakujisikia mpaka apande juu. Ni Curtis aliyesema hilo lihifadhiwe. Ni dhahiri kwamba Curtis alikuwa mtunzi wa maneno na wakati huo huo msikilizaji wa kwanza wa muziki, mtu aliyejua kipi kibaki na kipi kitupwe. Nyimbo zote zilisajiliwa kwa majina ya wanne. Wengine wameuita usawa huo ukarimu wa vijana wasiojua biashara. Ukiutazama utunzi ulivyokwenda, ulikuwa maelezo sahihi ya kazi.

Mwanzoni mwa 1978 bendi ilibadili jina, kwa kuwa palikuwapo kundi lingine lenye jina linalofanana na Warsaw. Jina jipya lilitolewa katika riwaya ya Ka-Tzetnik 135633, mwandishi Myahudi aliyenusurika Auschwitz na aliyeandika kwa nambari yake ya kambini. Katika riwaya hiyo, Joy Division ni jina la kitengo cha wanawake waliolazimishwa ukahaba kambini. Jalada la santuri yao ndogo ya mwaka huo lilikuwa na mchoro wa kijana wa Kinazi apigaye ngoma. Shutuma zilifuata, na zilistahili kufuata. Wanamuziki wamejitetea kwamba walisimama upande wa walioteswa wala si wa watesi. Utetezi huo unaweza kuwa wa kweli, lakini jina halisimami na mtetezi wake pembeni. Huenda likasomwa na mtu ambaye hatausikia utetezi wowote. Miaka miwili baadaye, walipohitaji jina lingine, meneja wao Rob Gretton aliwaletea New Order, alilosema amelitoa katika makala ya gazeti kuhusu Kampuchea, na wanamuziki wanasimulia kwamba hawakutambua kuwa Hitler naye aliutumia msemo huo kuuelezea utawala wake juu ya Ulaya. Kosa la kwanza linaweza kuitwa uchokozi wa ujana. La pili ni vigumu kulipa jina isipokuwa uzembe.

Santuri ya kwanza kubwa, Unknown Pleasures, ilitoka Juni 1979 chini ya kampuni ndogo ya Factory, ikiwa imerekodiwa Stockport na mtayarishaji Martin Hannett. Jalada lake jeusi, lililobuniwa na Peter Saville, halikuwa na jina la bendi mbele, ila mistari ya mawimbi ya nyota iliyotolewa katika ensaiklopidia ya elimu ya nyota. Wanamuziki walilalamika kwamba Hannett amewapooza. Jukwaani walikuwa wakali, na katika santuri wakawa kama watu wasikikao kutoka chumba cha pili. Wakati ulimpa Hannett haki, na wao wenyewe walikuja kukiri. Ilhali Januari mwaka huo huo Curtis alikuwa amepatikana na kifafa. Dawa zilimlemea, maonyesho ya usiku yalimchosha, ndoa yake ilikuwa ikivunjika, na mara kadhaa alianguka jukwaani huku hadhira ikidhani ni sehemu ya uchezaji wake. Tarehe 18 Mei 1980, siku moja kabla ya bendi kusafiri kwa ziara yao ya kwanza Marekani, alijiua nyumbani kwake Macclesfield. Alikuwa na umri wa miaka 23. Aliacha mjane na binti mchanga.

Santuri ya pili, Closer, iliyokwisha kurekodiwa, ilitoka Julai. Jalada lake lilikuwa na picha ya sanamu za kaburi moja huko Genoa, picha iliyochaguliwa kabla ya kifo. Tangu hapo nyimbo zote zimesomwa kinyumenyume, kutoka kaburini kurudi nyuma, kana kwamba kila ubeti ulikuwa barua ya kuaga. Usomaji huo unavutia, na kwa baadhi ya nyimbo za Closer hauwezi kukataliwa kabisa. Kwa wengine ni dhuluma. "She's Lost Control", mathalani, mara nyingi huelezwa kama ungamo la mgonjwa wa kifafa, ilhali wimbo huo ulizaliwa na kisa cha mwanamke kijana mwenye kifafa aliyekuwa akifika ofisini kwa Curtis kutafuta kazi, na aliyefariki kwa ugonjwa huo. Mtunzi aliyesikitikia mtu mwingine amefanywa aliyejisikitikia mwenyewe. Nafsineni katika wimbo si mtunzi, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa kuhusu jambo hilo kila muhula. Inashangaza jinsi onyo hilo linavyosahauliwa pindi mtunzi anapokufa kijana.

Wenzake watatu walikuwa na makubaliano ya tangu zamani kwamba mmoja akiondoka, jina litaachwa. Wakaliacha. Lakini waliachiwa pia nyimbo mbili ambazo Curtis alikuwa amezitunga nao katika majuma ya mwisho, "Ceremony" na "In a Lonely Place", na hapa historia ya muziki inakuwa historia ya matini. Walitaka kuzirekodi. Maneno ya "Ceremony" hayakuwa mahali popote kwa ukamilifu isipokuwa katika kanda za mazoezi zilizorekodiwa kwa mashine duni, sauti ya mwimbaji ikiwa imezama chini ya ngoma na magita. Sumner aliipitisha kanda katika chombo cha kuchuja masafa ya sauti, akapunguza hapa na kuongeza pale, akasikiliza tena na tena, akaandika alichodhani amekisikia. Toleo lilichapishwa Januari 1981, likiwa santuri ya kwanza ya New Order, na baadaye mwaka huo wimbo huo huo ukarekodiwa upya.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hataona ugeni katika kisa hiki. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ziliendelea kuishi vinywani mwa watu kwa miongo mingi, hata Mwalimu Sikujua alipozikusanya kwa ajili ya W. E. Taylor, na hazikutoka kitabuni hadi toleo la Hichens la 1940. Kila anayezisoma leo anasoma alichokumbuka fulani aliyesikia kwa fulani. Tofauti ni ya aina ya shahidi. Aliyekumbuka shairi la Muyaka alikumbuka kwa sababu shairi lilimkaa, na pale lilipopungua aliweza kulijaza kwa kipimo cha vina na mizani. Kanda haina kipimo hicho. Inahifadhi kila kitu bila kuelewa chochote, na Sumner hakuwa na arudhi ya kumwongoza ila kulijua sikioni mwake sauti ya rafiki yake. "Ceremony" kama ijulikanavyo ulimwenguni ni toleo la mhariri. Hadhira inayouimba humtaja Curtis pekee.

Katika kuurekodi wimbo huo Sumner alikuwa pia mwimbaji. Wote watatu walikuwa wamejaribu, na kazi ikamwangukia yeye bila shangwe. Oktoba 1980 aliingia Gillian Gilbert, wa kupiga kinanda na gita, mwenzi wa Morris, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Santuri ya Movement ya Novemba 1981 ni kazi ya watu wanaoigiza sauti ya marehemu kwa sababu hawajui nyingine. Sumner anaimba kama Curtis, maneno yana giza la kuazima, na Hannett, ambaye msiba ulimwathiri vibaya, hakuwasaidia. Mara nyingi husemwa kwamba bendi ilipoteza mwimbaji. Santuri hii inaonyesha hasara nyingine, ambayo ni kubwa zaidi: hapakuwa tena na mtu wa kusimamisha mazoezi na kusema, rudieni hapo.

Nafasi hiyo ilijazwa na mashine. Walijifunza vyombo vya kielektroniki vya kupiga ngoma na vya kupanga noti, baadhi vikiwa vimeundwa na Sumner kwa mikono yake, na wakasikiliza muziki wa kucheza wa vilabu vya New York. "Blue Monday" ya Machi 1983 ilianza, kwa maelezo yao, kama jaribio la kutengeneza kipande ambacho mitambo ingeweza kukipiga peke yake mwishoni mwa onyesho, kwani hadhira iliwadai nyongeza nao hawakupenda kurudi jukwaani. Ikawa santuri ya inchi 12 iliyouzwa kuliko nyingine yoyote. Maneno ya Sumner katika wimbo huo na katika nyingi zilizofuata ni mepesi, na kwa kweli mara nyingine ni dhaifu. Yapo mashairi yake ambayo hayawezi kutetewa yakisomwa kwenye karatasi. Hata hivyo kuyapima kwa mizani ya Curtis ni kukosa kuona alichokifanya. Curtis aliimba kutoka katikati ya wimbo. Sumner anaimba akiwa kando, kama mpita njia aliyekuta muziki unaendelea bila yeye. Baada ya yaliyotokea, huo ulikuwa msimamo wa ukweli zaidi kuliko kuendelea kuvaa huzuni ya mtu mwingine.

Historia ya fedha zao ni ya kuchekesha na kuliza. Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni aliyeanzisha Factory pamoja na wenzake, alikuwa ameandika mkataba kwa damu yake mwenyewe, uliosema kwa muhtasari kwamba kampuni haimiliki kitu na wanamuziki wanamiliki kila kitu. Faida iligawanywa nusu kwa nusu. Wakati huo huo, faida ya bendi ilimiminwa katika klabu ya Haçienda, iliyofunguliwa Mei 1982 katika jumba lililokuwa likiuzia mashua. Kwa miaka ya mwanzo klabu ilikuwa tupu. Ilipokuja kujaa, mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana walicheza hadi alfajiri kwa nguvu za vidonge, wakanunua maji badala ya pombe, na biashara ya vidonge ikaleta magenge na bunduki. Klabu ilifungwa mwaka 1997, ikabomolewa, na mahali pake pakajengwa majumba ya kuishi yanayouzwa kwa jina lile lile. Wanamuziki waliotunga mojawapo ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini mwao walikuwa wameigharamia sakafu ya kuchezea ya mji mzima. Hook alikiita kitabu chake kuhusu mkasa huo mwongozo wa namna ya kutoendesha klabu.

Factory yenyewe ilifilisika Novemba 1992. Kampuni ya London ilikuwa imekusudia kuinunua, lakini katika kupekua nyaraka ikabainika kwamba hapakuwa na cha kununua: kwa mujibu wa mkataba ule wa damu, nyimbo zilikuwa mali ya waliozitunga. Ujinga wa biashara uliokuwa umewafukarisha kwa miaka 10 ndio uliowaachia urithi wao. Lakini hilo lilizaa tatizo ambalo kampuni yenye mkataba mkali ingelizuia, kwani mali isiyo na bwana mmoja huja kugombewa na wenye nayo.

Ugomvi haukuanza mahakamani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 kila mmoja alijitafutia pa kupumulia. Sumner aliunda Electronic pamoja na Johnny Marr, aliyekuwa mpigaji gita wa The Smiths; Hook akaunda Revenge, kisha Monaco, iliyopata wimbo mashuhuri mwaka 1997; Morris na Gilbert wakajiita The Other Two, yaani Wale Wawili Wengine, jina lenye kejeli ya kimyakimya kuhusu namna magazeti yalivyowataja, wakatunga pia muziki wa televisheni. Kazi hizi hazina haja ya kuchambuliwa moja moja. Zikisikilizwa kwa pamoja, hata hivyo, zinatoa ushahidi ambao kumbukumbu za kuandikwa haziutoi. Electronic ina umbuji bila uzito, Revenge ina uzito bila umbo, The Other Two wana mpangilio safi usio na mtu ndani yake. Hakuna kundi kati ya haya linalosikika kama New Order, na katika kila moja ni rahisi kutaja kiungo kilichokosekana.

Walirudi pamoja, wakatoa santuri mwaka 2001 na 2005, huku Gilbert akiwa amejitoa ili kumtunza mtoto mgonjwa. Mwaka 2007 Hook alitangaza kwamba ameondoka, na kwake hilo lilimaanisha kwamba bendi imekwisha. Kwa wenzake lilimaanisha kwamba Hook ameondoka. Sentensi mbili hizi zinabeba nadharia mbili za utunzi. Ya kwanza inadai kwamba jina ni la ushirika wote, na likipungukiwa na mmoja halipo, kama walivyokubaliana wakati wa Joy Division. Ya pili inadai kwamba jina ni chombo kinachoendelea na waliobaki ndani yake. Hook alianzisha bendi yake, The Light, na tarehe 18 Mei 2010, miaka 30 kamili tangu kifo cha Curtis, akaipiga Unknown Pleasures yote jijini Manchester, akiimba yeye. Mwaka 2011 waliosalia walirejea jukwaani kama New Order, Gilbert akiwemo na besi ikipigwa na Tom Chapman.

Nairobi ilikwisha kuona mfarakano wa namna hii. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliunda Les Wanyika. Baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika. Kila kundi lilibakiza neno Wanyika na kubadilisha linalotangulia, na wapenzi wa muziki wakajua kwamba hii ni koo yenye nyumba kadhaa. Jina liligawanyika kama shamba linavyogawanywa, na kila nyumba ikalima sehemu yake. "Sina Makosa" ya Les Wanyika haikumnyima mtu haki ya kuipenda Simba. Jina New Order halikugawanywa. Novemba 2015 Hook alifungua kesi katika Mahakama Kuu, akidai kwamba mwaka 2011 wenzake waliunda kampuni mpya ya kulitumia jina hilo bila ridhaa yake, na kwamba alikuwa akipewa asilimia 1.25 tu ya mapato husika. Wenzake walishikilia kwamba wamemtendea haki. Septemba 2017 pande hizo zilipatana nje ya hukumu. Mhakiki anaweza kusikitika kidogo kwamba hakimu hakulazimika kuandika ni nini hasa kinachounda bendi, kwa maana waraka huo ungesomwa kwa manufaa katika idara za fasihi.

Katika miaka hiyo hiyo ya ugomvi, maandishi ya Curtis yalichapishwa. Kitabu cha 2014, kilichohaririwa na Deborah Curtis na Jon Savage, kinaonyesha picha za kurasa zake zilizoandikwa kwa mkono, pamoja na mistari aliyoikata na aliyoiacha. Kwa mara ya kwanza mhakiki anaweza kumwona Curtis mwandishi akiwa mbali na chumba cha mazoezi. Faida ya kitabu hicho ni kubwa, na hatari yake iko hapo hapo, kwani kinamrudisha msomaji kwenye mshairi pekee aliyeketi na kalamu, wakati vitabu vya wenzake vinasisitiza, kila kimoja kwa uchungu wake, kwamba kalamu ilikuwa robo ya habari. Hook anaandika kama mtu aliyenyang'anywa. Sumner kama mtu aliyechoka kulaumiwa. Morris kwa mzaha wa mpigaji ngoma, aliyezoea kuwatazama wengine kutoka nyuma. Kuhusu Curtis, wote watatu wanasimulia kwa majuto yanayofanana: walikuwa na umri wa miaka 20 na kitu, hawakujua kifafa ni nini, waliyasikia maneno yake kila usiku na hawakuyasikiliza. Gretton, Hannett na Wilson hawakuandika kumbukumbu za namna hii kabla ya kufariki, wala wasomaji hawatajua wangeongeza nini.

Baada ya mapatano ya 2017 pande zote mbili ziliendelea kuzunguka dunia na nyimbo zile zile. New Order wanapopiga "Ceremony", Sumner anaimba maneno aliyoyaokoa mwenyewe katika kanda, na Chapman anapiga besi iliyobuniwa na Hook. The Light wanapoipiga, Hook anaimba maneno hayo hayo kama Sumner alivyoyaandika, na kwa kuwa ni shida kuimba na kupiga kwa pamoja, sehemu kubwa ya besi amewahi kuiachia mikono ya mwanawe, Jack Bates.